Maisha ya Daktari Matthew Lukwiya, aliyekaa pamoja na waliotengwa

Katika nchi ya Uganda, upande wa kaskazini, pana mji uitwao Gulu. Wenyeji wake ni Waacholi. Karibu na mji huo, mahali paitwapo Lacor, ipo hospitali kubwa ya misioni, nayo yaitwa Hospitali ya Mtakatifu Maria. Wamisionari waliianzisha mwaka 1959. Ndani ya ua wake mna kaburi la mganga mmoja mzalendo, mwana wa Waacholi wenyewe. Jina lake ni Matthew Lukwiya. Alikufa mwaka 2000, na miaka mingi imekwisha kupita. Lakini habari zake zatuhusu sana sisi watu wa Masisi na Walikale, maana ugonjwa wa Ebola uliomwua yeye ulifika hata kwetu. Tena yeye alifahamu jambo moja ambalo watu wengi hulisahau wakati wa tauni: kumtenga mgonjwa ni jambo moja, na kumwacha ni jambo jingine.

UTOTO NA MASOMO

Matthew alizaliwa mwaka 1957, akakulia Kitgum, karibu na mpaka wa Sudani. Baba yake alikuwa mchuuzi wa samaki. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka 12, baba yake akafa maji. Mama akabaki na wana wanne. Alikuwa mwanamke wa biashara ndogondogo. Alichukua majani ya chai mpaka Sudani na kuyabadili kwa sabuni. Alitaka wanawe nao wajue kuuza na kununua, ili wasije wakalala njaa.

Lakini Matthew alikuwa na akili ya pekee katika masomo. Mtihani baada ya mtihani alitangulia wenzake, akapewa msaada wa kusoma, hata akafika chuo kikuu na kuwa mganga. Mwaka 1983 akaja Lacor kujifunza kazi. Wakuu wa hospitali walikuwa mume na mke: Daktari Piero Corti, Mwitalia, na Daktari Lucille Teasdale, mpasuaji kutoka Kanada. Baada ya miezi michache tu walimtambua kijana huyu kuwa ndiye atakayeshika kazi yao wao watakapozeeka.

Mwaka 1990 alitumwa Uingereza, mji wa Liverpool, kusomea magonjwa ya watoto wa nchi za joto. Akashinda vizuri kabisa, na waalimu wake wakamwomba abaki awe mwalimu pamoja nao. Huko angalipata mshahara mzuri na amani, wakati kwao palikuwa na vita. Matthew akakataa, akarudi Lacor.

IJUMAA KUU YA MWAKA 1989

Kabla ya safari ile ya Uingereza, yeye alikuwa amekwisha kuonyesha ni mtu wa namna gani. Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1989, waasi wenye silaha waliingia hospitalini, wakataka kuwachukua masista Waitalia. Matthew akajiweka mbele, akawaomba wamchukue yeye badala yao. Wakakubali. Juma zima akatembea nao porini, amevaa kanzu yake nyeupe ya uganga, hata wakamwachilia.

Tangu siku hizo mlango wa hospitali ukafunguliwa kwa watu waliokimbia vita. Jioni walikuja maelfu, mama na watoto wao na mikeka yao, wakalala ndani ya ua, na asubuhi wakarudi mashambani kwao. Ninyi mnaosoma habari hii huku Masisi mnajua maana ya kulala mahali pasipo penu. Mnajua pia thamani ya mtu asiyewafungia mlango.

UGONJWA USIO NA JINA

Mwaka 2000 Matthew alikuwa Kampala pamoja na mkewe na watoto wao watano, akisoma tena chuo kikuu cha Makerere. Asubuhi ya tarehe 7 Oktoba akapigiwa simu kutoka Lacor. Aliyemwita ni Daktari Cyprian Opira, aliyeshika kazi mahali pake. Alimweleza kwamba ugonjwa wa ajabu unawaua wanafunzi wa uuguzi. Matthew hakungoja. Jioni ile ile alikuwa amekwisha kufika, na mbele ya macho yake mwanafunzi mwingine akafa akitokwa na damu.

Usiku ule hakulala. Pamoja na sista mkuu wa wauguzi alifungua vitabu vya wagonjwa, akapekua karatasi moja moja. Akaona wagonjwa 17 wenye dalili zinazofanana. Kisha akasoma mafundisho ya wataalamu juu ya homa zinazomtoa mtu damu, na moyoni akatambua kwamba huenda ni Ebola, ugonjwa ulioitwa kwa jina la mto wa Kongo yetu, ulipoonekana Yambuku mwaka 1976. Aliwaita wakuu wa serikali upesi, damu ikapelekwa kupimwa Afrika ya Kusini, na katikati ya mwezi wa Oktoba jibu likaja: ndiyo, ni Ebola.

Lakini Matthew hakuwa amengoja jibu. Wataalamu wa kwanza walipofika Lacor, walikuta amekwisha kutenga jengo moja kwa ajili ya wagonjwa hao tu.

UA NA MLANGO WAKE

Wakatekumeni wapenzi, tufahamu vizuri kwa nini jengo lile lilihitajiwa. Ebola hupita kutoka mtu hadi mtu kwa kugusana: kwa damu, kwa matapishi, kwa jasho, kwa maji yo yote ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Kwa hiyo hushika kwanza wale wanaopenda. Mama anayempangusa mtoto, mke anayemwosha mume, ndugu wanaoosha maiti, muuguzi anayebadilisha shuka, hao ndio wanaoambukizwa kwanza. Pasipo kumtenga mgonjwa, jamaa nzima yaweza kwisha.

Basi Matthew akaweka sheria kali. Hapana aingiaye bila kuvaa kanzu ya kinga, viatu vya mpira, glavu, kitambaa cha pua na mdomo, na miwani. Ndugu wasiguse. Maiti asioshwe na jamaa, azikwe na watu waliofundishwa. Haya yalikuwa maneno magumu, maana kwa Waacholi, kama kwetu, kumzika mtu bila kumwosha na kumlilia ni aibu kubwa.

Lakini fikirini pia habari ya aliyekuwa ndani. Amelala kitandani, ana homa, ana kiu. Wanaomjia hawana uso. Anaona macho tu nyuma ya kioo. Mkono unaomgusa ni wa mpira. Hasikii sauti ya watoto wake. Jirani wa kitanda cha kuume amekufa usiku, na wa kushoto anakufa sasa. Mtu wa namna hii ana magonjwa mawili, wa mwili na wa moyo, na ule wa moyo humfanya akatae hata kunywa maji, aone kwamba amekwisha kuhesabiwa pamoja na wafu.

Kwa sababu hiyo Matthew hakujenga ua kisha akakaa nje yake. Yeye mwenyewe aliingia. Wala hakumlazimisha mtu ye yote kufanya kazi mle. Waliohudumu walikuwa wamejitolea. Kwa hiyo wagonjwa walitengwa na nyumba zao, lakini hawakuachwa peke yao.

Na hayo hayakuwa mageni kwa Waacholi. Tangu kale, ugonjwa unaoua wengi kwa ghafula waliuita gemo, nao wazee walikuwa na desturi zake. Mgonjwa aliwekwa katika nyumba ya peke yake, mbali na nyingine. Fito mbili ndefu za matete zilisimamishwa nje, ili kila apitaye ajue. Ngoma na mikusanyiko ilikomeshwa. Lakini yule mgonjwa hakunyimwa mtu: aliyewahi kuugua ugonjwa ule akapona, ndiye aliyempelekea chakula na maji. Na akiisha kupona, alikaa mwezi mzima kabla ya kutembea tena kati ya watu. Wazee wale hawakuwa na darubini ya kuona vijidudu, lakini walijua mambo mawili pamoja: kuzuia ugonjwa, na kutomwacha mtu.

HOFU YA WAUGUZI

Majuma yakapita. Wauguzi wa Lacor wakaanza kuugua mmoja mmoja. Walifanya kazi mchana na usiku, wakawazika wenzao, kisha wakarudi kazini kuvaa tena zile kanzu nzito katika joto. Nje ya hospitali watu waliwaogopa. Waliogopwa hata wagonjwa waliopona: wengine walirudi kwao wakakuta nguo zao zimechomwa moto, na majirani wanageuza njia. Ugonjwa ulikuwa umetoka mwilini, lakini upweke ulibaki.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Novemba, muuguzi mmoja aliyekuwa amelazwa mle ndani alizidiwa. Alitapika damu, akili ikampotea, akatoka kitandani. Wauguzi wa zamu wakaogopa, wakamwamsha Matthew. Akaja mbio, akavaa kanzu na glavu na kitambaa cha uso. Lakini kwa haraka hakufunika macho yake. Alimsaidia mgonjwa yule, ambaye baadaye alikufa. Yadhaniwa kwamba usiku huo ndipo Matthew alipoambukizwa. Yeye hakujua.

Tarehe 24 Novemba, kulipopambazuka, watu saba walikuwa wamekufa, watatu kati yao wakiwa watumishi wa hospitali. Sasa wauguzi wakashindwa. Hawakuingia kazini. Watu wapata 400 wakakusanyika katika shule ya uuguzi, wakataka hospitali ifungwe.

Tusiwahukumu. Hawakuwa wavivu wala wabaya. Moyo wa mtu una kipimo chake kama mtungi. Ukijazwa hofu na huzuni kila siku bila kumiminwa, mwisho hufurika. Matthew alijua hivyo. Hakuwatuma askari, wala hakuwatukana. Alikwenda mwenyewe, akasimama kati yao, akawasikiliza, akasema nao. Aliwakumbusha habari ya Ijumaa Kuu ile, jinsi alivyojitoa kwa waasi ili wengine wapone. Akawaeleza kwamba yeye hatakimbia. Maneno yakaendelea kwa saa nyingi, wengine wakilia, wengine wakikasirika. Mwisho wakaimba pamoja, wakarudi kwa wagonjwa.

Ni nini kilichowarudisha? Hatari haikupungua hata kidogo. Ila hofu yao ilikuwa imesemwa mbele ya watu na kusikilizwa, nao waliona kwamba hawako peke yao ndani yake.

KIFO CHAKE

Siku mbili baadaye, jioni ya tarehe 26 Novemba, Matthew akaanza kusikia baridi mwilini. Homa ikapanda. Damu ilipopimwa ikaonekana wazi: ni Ebola. Basi mganga akalazwa chini ya sheria zile zile alizoziandika mwenyewe. Hakuomba apendelewe. Mkewe akaja kutoka Kampala. Lakini aliruhusiwa kumwona akiwa amevaa mavazi ya kinga, bila kumkumbatia. Hivyo Matthew alionja kikombe cha wale aliowahudumia: nyuso zisizoonekana, mikono ya mpira, mpendwa aliye karibu na asiyeweza kumshika.

Yasimuliwa kwamba katika ugonjwa wake alimwomba Mungu kwamba, ikiwa ni lazima afe, basi awe wa mwisho.

Alikufa usiku wa manane wa kuamkia tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na umri wa miaka 43. Siku ile ile jioni akazikwa. Waliobeba jeneza walikuwa wamevaa mavazi ya kinga, na mamia ya watu wakasimama mbali, kama alivyowafundisha. Kaburi lake liko kando ya kaburi la Daktari Lucille, aliyekufa mwaka 1996 kwa ukimwi alioupata katika kazi ya upasuaji.

Mwezi wa Februari 2001 Ebola ilitangazwa kuwa imekwisha katika Uganda. Watu 425 waliugua, na 224 kati yao wakafa. Watumishi wa Lacor waliokufa walikuwa zaidi ya kumi. Wataalamu walikiri kwamba, kama ugonjwa usingalitambuliwa na kuzuiwa mapema, wengi zaidi wangalikufa.

NASI, JE?

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Mangina, upande wa Beni. Ilikaa katika nchi yetu karibu miaka miwili, hata tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 wakafa. Mwezi wa Agosti 2019 mgonjwa alionekana hata Pinga, katika Walikale. Safari hiyo ilikuwapo chanjo ambayo watu wa Gulu hawakuwa nayo, nayo iliokoa wengi. Kabla ya Ebola kwisha, ugonjwa wa korona ukaja, na mwezi wa Machi 2020 shule na makanisa ya Kongo yakafungwa. Wazee wengi walikaa nyumbani wasijue kwa nini hapana ajaye kuwaamkia.

Magonjwa ya namna hii yatakuja tena. Basi tujifunze kwa Daktari Matthew.

Kwanza, waganga wakiagiza mtu atengwe, tutii. Asiyetii hamwonyeshi mgonjwa upendo. Anaongeza makaburi tu.

Pili, aliyetengwa tusimwache. Waweza kusimama mbali, penye ua, ukamwita kwa jina lake. Mpe habari za nyumbani: ng'ombe amezaa, mihogo imevunwa, mtoto amejua kusoma. Weka chakula mahali palipoagizwa, usingoje aombe. Wazee husema, mgonjwa haulizwi uji. Penye simu, mwache asikie sauti za watoto wake. Sauti haiambukizi.

Tatu, aliyefiwa bila kuosha maiti wake ana kidonda cha pekee. Tukiisha kuruhusiwa, tumwendee, tukae naye, tumwache aseme habari za marehemu mara nyingi apendavyo.

Nne, aliyepona, akiisha kupewa ruhusa na waganga, tumpokee. Asikae peke yake kwenye benchi la kanisa. Asiitwe mchawi. Asinyimwe maji ya kisima.

Tano, tujue dalili za moyo uliougua. Mtu halali usiku, hali chakula, aketi kimya siku nyingi, hushtuka kwa kila sauti, ameanza kulewa, au asema kwamba ni heri kufa. Tusimcheke, wala tusiseme kwamba imani yake ni haba. Huo ni ugonjwa kama homa ilivyo ugonjwa. Tusimwache peke yake, hasa yule anayesema habari za kufa. Tumpeleke kwa muuguzi wa kituo cha afya, tena twende naye njiani.

Sita, tuwakumbuke wanaohudumu. Muuguzi naye ana hofu, na katekista naye ana huzuni. Aliyebeba mizigo ya wengine mchana kutwa, jioni naye atafute mtu wa kumsikiliza.

Bwana wetu aliwagusa wakoma, ambao watu waliwaamuru wakae mbali na kupiga kelele. Sisi si mabwana wa magonjwa. Mara nyingine haturuhusiwi kugusa. Lakini kuita jina la mtu, kuleta uji, na kumngojea mlangoni siku atakapotoka, hayo hapana tauni iwezayo kutukataza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MAFUNDISHO

1. Kwa nini Daktari Matthew alitenga jengo kabla ya kupata jibu la vipimo?
2. Desturi ya gemo yafanana na amri za waganga katika jambo gani?
3. Ni nini kilichowarudisha wauguzi kazini tarehe 24 Novemba?
4. Taja dalili tatu za moyo uliougua. Katika kijiji chenu, mtu mwenye dalili hizo apelekwe wapi?
5. Yuko nani kwenu sasa ambaye watu wameacha kumwamkia? Mtafanya nini juma hili?